'Novel', Riwaya na Ulevi wa Etimolojia

Ni nadra kufungua tasnifu ya uzamili kuhusu riwaya ya Kiswahili bila kukutana, katika kurasa zake za mwanzo, na aya ile ile: kwamba neno la Kiingereza 'novel' latokana na neno la Kilatini lenye maana ya '-pya', kwamba upya huo ndio kiini cha utanzu, na kwamba, kwa hivyo, riwaya ni kazi inayomsawiri mtu binafsi, katika mahali na wakati mahsusi, bila kurudia masimulizi ya kale. Hilo 'kwa hivyo' limetwikwa mzigo lisioweza kuuhimili. Hata hivyo msimamizi huipitisha aya hiyo, mtahini naye huipitisha, na mtahiniwa akishafuzu huenda kuwafunza wengine vivyo hivyo. Lau ingekuwa ni pambo tu la utangulizi, isingestahili kushughulikiwa. Lakini sura zinazofuata huligeuza pambo hilo kuwa mizani, na katika mizani hiyo kazi za Kiswahili hupimwa na kuonekana pungufu.

Historia ya neno lenyewe haiungi mkono matumizi hayo. Kivumishi 'novel', chenye maana ya kitu ambacho hakijapata kuonekana, kiliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale, na ndicho kilichovuma duniani mwaka 2020 kilipotumiwa kuvieleza virusi vya korona. Nomino yenye umbo hilo hilo ilipita njia nyingine. Chimbuko lake ni neno la Kiitalia 'novella', lililomaanisha habari au kisa kifupi. Boccaccio, katika Decameron aliyoikamilisha yapata mwaka 1353, alikusanya visa mia moja vya aina hiyo; na tangu utangulizi wake alikiri kwamba visa hivyo vingeweza pia kuitwa ngano, mifano au historia. Vingi katika hivyo havikuwa vipya hata kidogo. Vilikuwa vimezunguka vinywani na vitabuni kwa muda mrefu kabla yake. Yaani tangu kwenye kisima chake neno hili lilikuwa jina la kisa kinachosimuliwa upya, wala halikuwa hati ya kuthibitisha uasilia wa kilichosimuliwa.

Uhispania inatoa ushahidi ulio bayana zaidi. Cervantes alikipa kitabu chake cha mwaka 1613 jina la 'novelas' kwa sababu kilikuwa na hadithi fupi. Ndani ya Don Quijote, kazi ambayo mikondo mingi ya uhakiki huitaja kuwa mama wa riwaya ya kisasa, neno hilo limetumiwa kuitaja hadithi ndogo inayosomwa na mmoja wa wahusika. Don Quijote kwa jumla mwandishi wake huiita historia. Wafaransa na Wajerumani, kwa upande wao, hawana haja na 'novel' hata leo. Kazi hizo huziita 'roman', jina ambalo kwa asili liliashiria maandishi yaliyotungwa katika lugha ya watu wa kawaida badala ya Kilatini. Je, iwapo kiini cha utanzu kimo katika jina, Balzac na Thomas Mann waliandika utanzu gani?

Waingereza wenyewe hawakulikumbatia jina hili kwa wepesi. Defoe aliileta Robinson Crusoe mwaka 1719 kama historia ya mambo ya kweli. Richardson na Fielding walizipa kazi zao anwani za 'historia' ya fulani, na Fielding alipotaka kuieleza Joseph Andrews (1742) kinadharia, aliuendea utendi na kuiita utendi wa kuchekesha ulioandikwa kwa nathari. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alilifafanua neno hilo kuwa hadithi ndogo, aghalabu ya mapenzi. Kwa fasili hiyo Clarissa ya Richardson, iliyotoka miaka michache tu kabla na ambayo Johnson aliienzi, ingetupwa nje kwa wingi wa kurasa zake. Hata Ivanhoe ya Walter Scott ilitolewa chini ya jina la 'romance', jina la hekaya za mashujaa na mahaba ambazo, kwa mujibu wa aya yetu ya tasnifu, 'novel' ilikuja kuzizika.

Wazo kwamba jina linaafiki maumbile ya utanzu lilipata nguvu zake nyingi kwa Ian Watt, katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu chimbuko la riwaya ya Kiingereza. Hoja ya Watt inastahili heshima. Alichunguza jamii moja katika karne moja: wasomaji walioongezeka, ubinafsi wa kiuchumi, falsafa iliyothamini tajriba ya mtu mmoja mmoja. Etimolojia kwake ilikuwa sadfa ya kufurahisha iliyopamba uchunguzi mrefu. Wahakiki wetu wameuacha uchunguzi na kuichukua sadfa.

Matokeo yake yanaonekana katika namna Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) inavyohukumiwa. Husemwa kwamba si riwaya kamili: nchi yake iko angani, wahusika wake hubeba majina ya tabia zao, na msuko wake ni visa vilivyoshonwa pamoja kwa mtindo wa ngano. Basi kazi hiyo huwekwa katika 'utoto' wa riwaya ya Kiswahili, utoto unaokoma pale wanapotokea wahusika wenye nafsi zilizochimbuliwa, kama katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971). Ngazi hiyo ingesimama kama Kezilahabi mwenyewe asingeiangusha. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) hakuna mahali panapoweza kuoneshwa kwenye ramani, wakati umevunjwavunjwa, na visasili vimerudi kwa kishindo. Uhakiki ule ule haukuthubutu kuziita ngano. Uliziita 'riwaya mpya'. Kwa anayeshikilia kwamba 'novel' maana yake ni upya, istilahi hiyo ni sawa na kusema 'kitu kipya kilicho kipya'. Lililo zito zaidi ni kwamba sifa zilizomtia Shaaban Robert hatiani zimemvika Kezilahabi taji.

Wapo wanaodhani dawa ni kulitupa neno la Kiingereza na kukimbilia asili ya 'riwaya'. Neno hili la Kiarabu, wanasema, lahusu kusimulia na kupokezana, kwa hivyo riwaya ya Kiswahili ni fasihi simulizi iliyovaa vazi la maandishi. Huo ni ulevi ule ule kutoka mtungi mwingine. Ni kweli kwamba riwaya ni upokezi wa hadithi na wa visomo vya Kurani, na kwamba mzizi wake una undugu na neno la kumtaja ngamia mbeba maji. Lakini katika upokezi huo sifa kuu ni uaminifu, na anayesimulia asichokipokea hukataliwa. Etimolojia ikifanywa hakimu, kila mtunzi wa bunilizi atakuwa mpokezi mwongo, na hatabaki mwanariwaya hata mmoja. Waarabu wenyewe hawakujifunga hivyo: katika karne ya 19 neno hilo lilitumika hata kwa tamthilia, kabla ya kutulia lilipo leo.

Aya ile ya tasnifu ikifutwa, kazi ya kuisoma Kusadikika ndiyo huanza. Karama anashtakiwa kwa kufundisha taaluma ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia masaibu ya wajumbe sita waliotumwa nchi nyingine, wakarudi na mashauri ya manufaa, wakatiwa gerezani. Kwa nini mshtakiwa achague kuwatetea wengine mahali pa kujitetea mwenyewe? Kwa nini baraza la watawala lilazimishwe kusikiliza kisa baada ya kisa, katika kitabu kilichochapishwa chini ya ukoloni, miaka 10 kabla ya uhuru wa Tanganyika? Muundo wa visa vilivyoshonwa pamoja, uliohesabiwa kuwa udhaifu, ndio unaomwezesha Karama kurefusha kesi hadi mashtaka yawageukie washitaki.