Upasuaji wa kupunguza tumbo: Kazi huanza mgonjwa arudipo mezani

UPASUAJI wa kupunguza tumbo, ambao miaka michache iliyopita ulikuwa habari ya kusomwa kutoka ughaibuni, sasa unazungumzwa katika saluni za Dar es Salaam na ofisi za Nairobi. Wapo wanaoufuata India na Uturuki, na wapo wanaofanyiwa hapa hapa nyumbani.

Hospitali ya Taifa Muhimbili, kupitia Mloganzila, ilianzisha huduma ya kuweka puto tumboni, na kisha upasuaji wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 2020. Jijini Nairobi zipo hospitali binafsi zinazoutoa.

Mjadala wa hadhara kuhusu tiba hiyo umejikita katika mambo mawili, gharama na hatari ya kisu. Kilichoachwa pembeni ni wiki sita hadi nane zinazofuata, ambamo mtu mzima aliyezoea kumaliza sahani ya pilau hulazimika kujifunza kula upya, akianza na vijiko vya maji. Ni katika wiki hizo, wala si katika chumba cha upasuaji, ambamo huduma ya ukanda huu ina pengo kubwa zaidi.

Haja ya tiba yenyewe haina ubishi. Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Tanzania wa mwaka 2015-16 ulibaini kwamba asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, ulionyesha kuwa kiwango hicho kimezidi kupanda. Wakazi wa mijini ndio walioathirika zaidi, na nyuma yao vinafuatana kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti.

Kwa miaka mingi kigezo kilichofuatwa, ambacho kiliwekwa Marekani mwaka 1991, kilikuwa uwiano wa uzito na urefu wa 40, au 35 kwa mwenye maradhi yatokanayo na unene. Kwa mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60, uwiano wa 40 ni takriban kilo 102. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hiyo vilikishusha kigezo hicho hadi 35 hata kwa asiye na maradhi hayo. Maana yake ni kwamba idadi ya wanaostahili imeongezeka kwa mpigo mmoja, ilhali idadi ya wataalamu wa lishe wa kuwahudumia haikuongezeka.

Aina ya upasuaji inayofanywa zaidi siku hizi ni ile ya kukata na kuondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula, ukabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Aina nyingine hutenga kifuko kidogo, cha ukubwa wa yai, na kukiunganisha na utumbo mwembamba ili chakula kisipitie sehemu iliyobaki ya tumbo. Katika aina zote mbili tumbo hufungwa kwa mstari wa vipini vidogo vya chuma, na mstari huo unahitaji muda wa kuunga. Ukivuja, usaha na sumu huenea ndani ya tumbo na maisha ya mgonjwa huwa hatarini.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya masharti ya chakula. Wengi hudhani kwamba mgonjwa ananyimwa chakula kigumu ili akonde haraka. Kumbe ananyimwa ili kidonda cha ndani kipone.

Mama yeyote aliyewahi kumwanzishia mtoto chakula atautambua utaratibu huo. Siku za mwanzo ni maji na supu iliyochujwa, kwa mafunda madogo. Hadi kufikia wiki ya pili huongezwa maziwa, mtindi na uji mwepesi. Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyosagwa vikawa rojo. Baada ya hapo huja vyakula laini vinavyopondeka kwa uma, na chakula kigumu hurejea kati ya wiki ya sita na ya nane. Hospitali hutofautiana kwa siku chache huku na huko, lakini ngazi ni zile zile.

Tofauti ni kwamba mtoto hulilia chakula, ilhali mtu huyu mara nyingi hana njaa kabisa. Sehemu ya tumbo inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kiasi kikubwa cha ghrelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa na wanasayansi wa Japani mwaka 1999. Kwa miezi kadhaa mgonjwa hula kwa kuangalia saa.

Ugumu unaanzia katika hesabu. Mgonjwa hushauriwa apate walau gramu 60 za protini kwa siku, kwani mwili ukizikosa huanza kula misuli yake. Yai moja lina gramu 6 hivi. Glasi ya maziwa ina gramu 8. Tumbo lenyewe wakati huo hupokea vijiko vichache tu kwa mlo, tena polepole, na maji hayaruhusiwi pamoja na chakula mpaka ipite nusu saa. Kuzifikisha gramu 60 kwa mwendo huo ni kazi ya kutwa nzima.

Sasa litazamwe jiko la kawaida la mjini. Kimiminika ambacho kila familia humpa mgonjwa ni uji, na uji wa mahindi karibu wote ni maji na wanga. Anayeuishi kwa mwezi mzima atapungua kweli, na majirani watamsifu, lakini sehemu ya kinachoyeyuka ni nyama ya mapaja na mikono yake. Baada ya miezi mitatu au minne nywele huanza kutoka kwa mafungu.

Karatasi ya maelekezo anayokabidhiwa anayetoka ng'ambo haimsaidii sana. Humo huandikwa jibini laini, nyama ya bata mzinga na unga wa protini wa makopo, vitu ambavyo ama havipatikani kirahisi ama bei yake inatisha. Hakuna mstari unaotaja dagaa. Hata hivyo zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa wakavu ni protini, na wakisagwa wakawa unga laini huchanganyika na supu bila shida. Mtindi, maharage yaliyopikwa yakaiva kisha yakachujwa maganda, samaki wa mchuzi asiye na miiba, choroko, mayai yaliyovurugwa yakabaki laini, vyote hivyo vipo sokoni Kariakoo na Gikomba. Kinachokosekana ni mtu wa kumwandikia mgonjwa ratiba kwa vyakula hivyo na kwa lugha anayoielewa mpishi wa nyumbani.

Kisha huja siku ya chakula kigumu chenyewe. Hapa mila ya mezani inagongana moja kwa moja na tumbo jipya. Ugali haujawahi kuwa chakula cha kutafunwa sana. Tonge hufinyangwa, huchovywa mchuzini na kumezwa. Mgonjwa anatakiwa atafune kila kipande mara 20 au 30 mpaka kiwe rojo mdomoni. Tonge likiingia zima hukwama kwenye mrija, kifua kikabana, mate yakajaa, na ahueni haipatikani mpaka litapikwe. Wali na mkate huvimba, chapati hugeuka donge, nyama choma yenye nyuzi ni mtihani kwa miezi mingi. Makande, pamoja na sifa zake zote, maganda yake yanasumbua.

Kula kwenye sinia moja na wengine nako kuna mwendo wake. Anayetafuna mara 30 ataambiwa anadeka.

Kutapika ndiko kunakohitaji kutazamwa kwa jicho kali kuliko jambo jingine lolote katika wiki hizi. Kutapika mara moja kwa sababu ya tonge lililokwama ni fundisho. Kutapika kila siku kwa wiki mbili au tatu ni hatari ya aina nyingine kabisa. Akiba ya vitamini B1 mwilini haidumu zaidi ya wiki chache, na mtu asiyebakiza chakula tumboni huimaliza. Matokeo yake huonekana kichwani: macho kuchezacheza au kuona vitu viwili viwili, kuyumba wakati wa kutembea, kuchanganyikiwa. Asipotibiwa haraka, kumbukumbu huweza kupotea isirudi.

Kinachotisha zaidi ni jinsi mazoea ya kawaida ya tiba mitaani yanavyoweza kumharakisha kwenye shimo hilo. Mtu aliyedhoofika kwa kutapika hupelekwa zahanati ya jirani, na jambo la kwanza analofanyiwa ni kutundikiwa dripu ya sukari. Mwili unahitaji vitamini B1 ili kuitumia sukari hiyo. Ikiingia kwa wingi kwa mtu ambaye akiba yake imekwisha, madhara ya ubongo huweza kuchomoza au kuongezeka. Utaratibu wa kitabibu ni kumpa kwanza sindano ya vitamini B1, ambayo si dawa ya gharama. Lakini mhudumu wa zahanati atajuaje, ikiwa mgonjwa hakusema kwamba alifanyiwa upasuaji, na alama za upasuaji huo ni vitundu vitano vidogo vilivyokwisha kupona?

Wengi hawasemi. Usiri ni sehemu ya tiba hii katika jamii ambayo mtu aliyekonda ghafla hutiliwa shaka. Kizazi kilichoyaona makali ya Ukimwi katika miaka ya 1990 bado huusoma mwili unaopungua kama taarifa ya msiba, na minong'ono haichelewi. Kwa upande mwingine, anayekiri kwamba alikwenda kukatwa tumbo huambiwa ni mvivu aliyeshindwa kufanya mazoezi. Kati ya lawama hizo mbili wengi huchagua kunyamaza, kisha hulazimika kula mbele ya watu ili wasishukiwe. Kwenye harusi sahani hujazwa, shangazi husimama pembeni kuhakikisha mgeni ameshiba, na kukataa ni kumtukana mwenye shughuli.

Kwa Waislamu, mwezi wa Ramadhani unaleta swali lake. Mgonjwa wa miezi ya mwanzo anahitaji lita moja na nusu ya maji kwa mafunda madogo yaliyosambazwa kutwa nzima. Haiwezekani kuyanywa yote kati ya magharibi na alfajiri kwa tumbo la ukubwa ule. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Hata anayefunga baada ya kupona anapaswa kuihofu futari ya tende nyingi na chai iliyokolea sukari, hasa kama upasuaji wake ulikuwa ule wa kuunganisha utumbo: ndani ya nusu saa moyo huweza kwenda mbio, jasho likamtoka na tumbo likamsokota.

Tatizo hili limekuzwa pia na namna huduma yenyewe inavyouzwa. Safari ya ng'ambo hununuliwa kama furushi moja, yaani tiketi, hoteli, upasuaji na gari la kwenda uwanja wa ndege. Siku saba baadaye mteja yuko angani akirudi, akiwa bado katika hatua ya vimiminika. Ngazi zote zilizobaki atazipanda peke yake. Uingereza, ambayo raia wake wengi hufuata huduma kama hizo Uturuki, imekwisha kuwaonya baada ya baadhi yao kupoteza maisha, na hospitali zake za umma zimejikuta zikiwatibu wanaorejea na matatizo. Hiyo ni nchi yenye kliniki maalumu za kiribatumbo.

Hapa nyumbani daktari aliyefanya upasuaji walau yuko karibu, na hiyo ni faida kubwa. Lakini hata hapa mgonjwa wa Mbeya au Mwanza aliyetibiwa Dar es Salaam hurudi mkoani kwake kabla hajagusa chakula kigumu. Vidonge vya vitamini, madini ya chuma na kalsiamu, ambavyo anapaswa kuvitumia maisha yake yote, atavitafuta mwenyewe. Vipimo vya damu vya kila mwaka atavikumbuka mwenyewe. Duka la dawa la mtaani litamuuzia diklofenaki kwa maumivu ya mgongo, bila yeyote kujua kwamba dawa hiyo huweza kumtoboa kidonda palipoungwa.

Taasisi ya Chakula na Lishe, ambayo Tanzania imekuwa nayo tangu mwaka 1973, ina uzoefu wa miongo mingi wa kueleza lishe ya mtoto kwa vyakula vya hapa. Kuandaa ratiba ya wiki nane ya mtu mzima aliyepunguzwa tumbo, kwa dagaa, mtindi na choroko, si kazi ngeni kwake. Wizara za afya za nchi zote mbili nazo zinaweza kuzitaka hospitali zisimruhusu mgonjwa wa aina hii kuondoka bila miadi ya mtaalamu wa lishe iliyokwisha kupangwa, na bila barua kwa kituo kilicho karibu na makazi yake.

Mfano wa barua hiyo upo tayari katika kila kliniki ya mama na mtoto. Kadi ya mtoto huonyesha tarehe ya kuzaliwa, mstari wa uzito na umri wa kuanzishiwa chakula, na muuguzi wa kijiji chochote huweza kuisoma. Ya mtu mzima huyu ingebeba tarehe na aina ya upasuaji, hatua ya chakula aliyofikia, simu ya daktari wake, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, maneno machache kwa mhudumu wa zahanati: akitapika mfululizo, apewe sindano ya vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari.