Njoo Kesho

Ndugu msomaji, kama umewahi kusimama mbele ya meza ya mtendaji wa kijiji ukiwa na karatasi moja tu ya kugongewa muhuri, basi maneno haya mawili unayafahamu. Mimi niliambiwa hivyo siku nne mfululizo. Nilikuwa nafuatilia barua ya kupeleka mahakamani kwa ajili ya mirathi ya marehemu kaka yangu, na watoto wake walikuwa wamekwisha rudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Muhuri ulikuwapo, wino ulikuwapo, na mwenye mkono wa kuugonga alikuwapo, akisoma gazeti. Siku ya tano aligonga bila kusoma hata mstari mmoja.

Wakubwa wetu husema dawa ya ugonjwa huu ni semina, watumishi wafundishwe lugha nzuri. Nakataa. Yule bwana lugha yake ilikuwa nzuri mno, aliniita mzee wangu na kunipa kiti. Alichokosa ni sababu ya kunijali. Ameajiriwa na halmashauri, hukaguliwa na halmashauri, na akihamishwa huhamishwa na hao hao. Mimi wa hapa kijijini nina nini cha kumfanya?

Tuliwahi kujaribu kuendesha kila kitu kutoka juu. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, na mpango huo, ajabu, ukaitwa Madaraka Mikoani. Huduma za miji zikadorora hadi halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Za wilaya zilirejea mwaka 1984, kwa sheria za mwaka 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kuwa kuzifuta lilikuwa kosa. Lakini nasema tulirudisha ofisi na mihuri, tukasahau kurudisha mazoea ya kuuliza.

Maana sheria haijatunyima nafasi hiyo. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa mbele ya watu wazima wote. Nani huenda? Siku hiyo mnada una watu, kilabu kina watu, hata msiba wa kijiji cha tatu una watu. Mimi ninayelalamika hapa nilikuwa sijakanyaga mkutanoni miaka sita. Mtendaji alilijua hilo kabla hajaniambia njoo kesho.

Juzi nilikwenda. Tulikuwa watu kumi na tisa chini ya mwembe. Nikauliza fedha tulizochanga kwa ajili ya choo cha shule zimefikia wapi. Mtendaji akafungua daftari, akalifunga, akasema hesabu hizo ataleta mkutano ujao. Mama mmoja nyuma yangu akamwuliza, tarehe ngapi? Akaitaja. Nimeiandika ukutani kwa mkaa, karibu na mlango.