Njia kando ya Nyangores
Mto Nyangores ukipita mjini Bomet bado ni mchanga. Mbele huko huungana na Amala, ukaitwa Mara, ukavuka mpaka hadi Ziwa Viktoria upande wa Tanzania. Ndiyo maana kila tarehe 15 Septemba Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara. Sherehe ni njema, ila siku moja haitoshi kuulinda mto. Fika ukingoni asubuhi: kijana anasukuma baiskeli yenye mitungi ya maziwa kwenye tope, na mikaratusi inafyonza maji hatua chache kutoka mtoni. Tuing'oe, tupande mianzi, tuchonge njia ya baiskeli. Mto unaopitiwa na watu kila siku haukosi walinzi. Wana Bomet, tuanze sasa.