Tusingoje Jumapili

Mimi ni Mlutheri wa Karatu, na Kitabu cha Mormoni sikipokei kama andiko. Hata hivyo, kuna jambo naliheshimu kwa Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanaokipokea. Tangu Januari 2019 walipunguza mikutano ya Jumapili kutoka saa tatu hadi mbili, ili familia zisome maandiko nyumbani kwa mpango wa Njoo, Unifuate. Waliona mbali.

Wengi husema usasa unaua imani. Huku kwetu naona inakufa kwa kukosa muda. Naendesha wageni. Msimu ukichanganya, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye foleni ya lango la Loduare, tayari kushuka kreta ya Ngorongoro, wenzangu wakijiandaa kwenda ibadani. Nilikaa miaka miwili nikijiita muumini bila kufungua Biblia.

Sasa kila usiku ninapokuwa nyumbani tunasoma sura moja. Simu zinawekwa kabatini. Binti yetu anasoma kwa sauti, nami namfafanulia bibi yake kwa Kiiraqw. Bibi hajui kusoma, lakini maswali yake ndiyo magumu kuliko yote. Juzi aliuliza kwa nini Ayubu hakujibiwa alichouliza. Tulilala tukiwaza.

Mgeni mmoja aliniuliza kama watu wa leo bado wanaamini. Nilimjibu kwamba imani ni kama shamba la vitunguu la Mang'ola: usipofungulia maji, hata udongo mzuri haukusaidii.

Wazazi wenzangu, tuanze na sura moja, usiku wa leo.