Kompyuta ya Parokia: Tununue Diski ya SSD au Tusubiri?

Swali hili huulizwa sana na mapadre vijana wanaotumwa parokiani na kukuta kompyuta ya ofisi ikichukua robo saa kuwaka. Je, tuitupe, tuiwekee diski ya SSD, au tuvumilie? Mimi ni katibu wa parokia moja si mbali na Busisi, mkoani Mwanza. Si mtaalamu wa kompyuta. Ni mtu aliyekosea swali hili mara mbili, kwa njia mbili tofauti, na ninaandika ili ninyi mafrateri, ambao kesho mtakabidhiwa ofisi pamoja na mihuri yake, msirudie makosa yangu.

Kwanza tuelewe kinachochelewesha. Ndani ya diski ya zamani kuna sahani zinazozunguka na mkono mdogo unaosoma juu yake. Katika kompyuta nyingi za mezani sahani hizo huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kwa macho yetu hiyo ni kasi kubwa. Lakini kompyuta inapowaka huhitaji maelfu ya vipande vidogo vya data vilivyotawanyika, na kila mara mkono husogea, kisha husubiri sahani izunguke mpaka kipande kinachotafutwa kifike. Sisi wa Busisi hali hiyo tunaijua. Zamani maji ya kuvuka kwenda Kigongo hayakuwa mapana sana; kilichokula siku ya mtu ni kusubiri kivuko kirudi. SSD haina sahani wala mkono. Hutunza data kwa chaji za umeme ndani ya chipu na hukifikia kipande chochote moja kwa moja, kama gari linavyopita leo juu ya Daraja la JPM, lenye urefu wa kilomita 3, lililozinduliwa Juni 19, 2025. Foleni ya kusubiri imeondoka.

Mwaka 2014 fundi mmoja wa mjini Mwanza alitushauri tununue diski ya namna hiyo, ya gigabaiti 120. Bei yake ilizidi nusu ya bei tuliyonunulia kompyuta yenyewe, ambayo nayo ilikuwa imetumika. Kamati ya fedha ilikaa, ikahesabu, ikakataa. Mpaka leo nasema ilikataa kwa haki. Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, na diski hizi zilikuwa na vidonda vyake. Mwaka 2008 kampuni ya Apple ilipotoa MacBook Air, mteja aliyetaka SSD ya gigabaiti 64 aliongeza dola 999, zaidi ya shilingi milioni moja kwa thamani ya wakati ule, kwa nafasi ambayo haikufikia hata ile ya diski ya kawaida ya gigabaiti 80 iliyokuja na mashine hiyo. Mwaka 2011 Intel ilikiri kasoro katika diski zake za aina ya 320: umeme ukikatika ghafla, baadhi zilijionyesha kuwa na megabaiti 8 tu, na data ya mwenyewe haionekani tena. Baadaye ilitoa programu ya kurekebisha. Sasa fikiria diski ya namna hiyo kwenye ofisi ya kijijini, ambako umeme hukatika bila hodi. Sheria za Kanisa, kanuni ya 1284, inamtaka msimamizi wa mali ya Kanisa afanye kazi kwa uangalifu wa mkuu mwema wa nyumba. Mkuu mwema wa nyumba hafanyi familia yake kuwa uwanja wa majaribio.

Kosa langu la kwanza, basi, halikuwa kusubiri. Lilikuwa kusahau kwamba tulikuwa tunasubiri. Uamuzi wa 2014 ulikuwa wa 2014, lakini mimi niliugeuza kuwa msimamo. Bei zikashuka, kasoro zikarekebishwa, nami kila aliyeuliza nilimjibu kwamba jambo hilo kamati ilishalikataa.

Mwaka 2017 alikuja binti mmoja kutoka upande wa Mwanza. Alikuwa amebatizwa kwetu akiwa mtoto, sasa anataka kufunga ndoa, na paroko wake alihitaji cheti kipya cha ubatizo. Cheti kipya huombwa kwa sababu pembeni ya jina la mbatizwa katika kitabu cha ubatizo huandikwa pia kipaimara chake na ndoa yake, ili ijulikane kama yuko huru. Binti hakukumbuka mwaka aliobatizwa. Orodha ya kutafutia majina ilikuwa kwenye kompyuta. Nikaiwasha. Ikazunguka, ikazunguka, umeme ukakatika. Uliporudi, mashine ikaanza kujikagua diski yote upya. Nilimwambia, "Vumilia, mwanangu." Alivumilia kuanzia saa nane mchana hadi jioni. Nilipompa cheti, vivuko vya kumfikisha kwao mapema vilikuwa vimepita, naye hakuwa na ndugu upande huu. Mama mmoja wa jumuiya alimpa mahali pa kulala.

Usiku ule nilielewa kwamba nilikuwa nimehesabu pesa ya parokia tu. Muda wa yule binti, nauli yake na siku yake ya kazi iliyopotea havikuwa kwenye daftari langu. Mkulima anayetembea kutoka kigangoni kufuata cheti naye halipwi na mtu kwa asubuhi anayokaa kwenye benchi la ofisi. Kompyuta ya polepole haituletei sisi ankara. Ankara huenda kwa watu tunaowahudumia.

Mwaka uliofuata tulinunua SSD ya gigabaiti 240 kwa bei iliyo chini ya mbuzi mmoja. Kompyuta ileile, iliyokuwa karibu kutupwa, ikawa inawaka kabla sijamaliza kufungua madirisha. Hatukuitupa mashine nzima kwa sababu kiungo kimoja kimechoka, na hilo nalo ni jema: Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 alionya juu ya tabia ya kutupa vitu upesi. Nilifurahi mno. Hapo ndipo kosa la pili lilipoingia.

Diski ya sahani ikizeeka mara nyingi huguna, hugonga, huchelewa, inakupa dalili. SSD inaweza kufa kimya. Asubuhi moja mwaka 2021 niliwasha kompyuta, nayo ikaniandikia kwamba haioni diski yoyote. Jana yake ilikuwa nzima. Fundi aliitoa, akaijaribu kwenye mashine nyingine, akatikisa kichwa. Orodha ya majina, barua, hesabu za michango ya miaka mitatu, vyote vilikuwa humo na hapakuwa na nakala popote, kwa sababu kasi ilinifanya niamini kwamba kitu kizuri namna ile hakiwezi kuharibika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi hata daftari lenyewe nililipoteza.

Kilichotuokoa ni vitabu vya karatasi. Kanuni ya 535 inataka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na paroko ahakikishe vinaandikwa sawasawa na kutunzwa. Wamisionari wa Afrika walifika Bukumbi, upande wa pili wa maji haya, mwaka 1883, wakaandika waumini wao kwa wino. Kwetu pia wino ulibaki. Tuliandika orodha upya, kitabu kwa kitabu, kwa miezi minne. Hesabu za michango hazikurudi zote.

Maoni yangu, basi, ni haya. Leo, kwa ofisi yenye kompyuta nzima lakini nzito, nunueni SSD, msisubiri tena. Lakini msikubali kuinunua peke yake. Bei halisi ni ya SSD pamoja na diski ya pili ya nje ya kuwekea nakala. Kama fedha haitoshi kwa zote mbili, nunueni kwanza ya nakala, mvumilie polepole miezi michache zaidi. Nakala ifanywe kila wiki, na ikae nyumba nyingine, si kwenye droo ileile ambayo mwizi au moto utaifikia pamoja na kompyuta. SSD iliyochakaa isifanywe sanduku la kumbukumbu kabatini: kipimo cha viwanda cha JEDEC kinadai tu kwamba diski ya kompyuta ya kawaida, ikishafika mwisho wa matumizi yake, ishike data mwaka 1 bila umeme katika joto la nyuzi 30. Na mkiona sokoni diski ya terabaiti 2 kwa bei ya kutupa, iacheni. Zipo ambazo ndani yake ni kadi ndogo ya kumbukumbu iliyopachikwa ganda kubwa. Rahisi ghali.

Wapo watakaosema fedha hiyo ingefaa zaidi kwa maskini. Nawaheshimu, lakini anayekaa kwenye benchi la ofisi yetu kusubiri cheti mara nyingi ndiye huyo maskini. Wapo pia watakaosema, kama karatasi ndiyo iliyotuokoa, kompyuta ya nini? Karatasi hutunza jina. Kompyuta humsaidia katibu kulipata kabla jua halijazama. Tunahitaji vyote viwili, kila kimoja kwa kazi yake.

Kwa hiyo, frateri, ukifika parokiani usianze kwa kuuliza kompyuta ina diski gani. Muulize katibu nakala iko wapi. Akikuonyesha, mwambie fundi alete SSD. Akianza kujikuna kichwa kama nilivyofanya mimi, unajua cha kununua kwanza.