Oili Inayovuja Juu ya Injini

Mama mmoja wa Dodoma ametuandikia. Gari la nyumbani kwao ni Corolla 110, limepita umri wa miaka ishirini, na kila asubuhi linaacha matone ya oili pale lilipolala. Wakisimama kwenye foleni wanasikia harufu ya kuungua, na mara nyingine moshi mwembamba hutoka kwenye boneti. Fundi ameingia uvunguni, akatoka na jibu: sili ya nyuma ya krenkshafti imekwisha, giaboksi ishushwe. Baba yuko safarini kikazi, na fedha iliyopo ni ya ada ya watoto. Atoe au asitoe?

Mama, usitoe kwanza. Huenda fundi anasema kweli, maana sili hiyo nayo huchoka. Lakini oili hushuka, haipandi. Aliyetazama chini peke yake ameona inapodondokea, hajaona inapotokea.

Juu kabisa ya injini kuna kifuniko ambacho mafundi wetu hukiita tapeti kava. Kati yake na hedi hukaa gasketi ya mpira. Mpira huo ukipikwa na joto la injini mwaka baada ya mwaka hupoteza ulaini wake, ukawa mgumu kama plastiki, na oili ikapata upenyo. Hapo hutambaa taratibu kwa nyuma mpaka pale injini inapoungana na giaboksi, kisha ikadondoka. Ukiangalia kwa chini utaapa kwamba ni sili. Tofauti iko mfukoni: gasketi hii hubadilishwa kwa saa chache, giaboksi haiguswi, wala oili haimwagwi. Ukiambiwa ununue galoni zima la oili kwa ajili ya kazi hii, uliza ni la nini.

Kuhakikisha si kazi ngumu. Injini ikiwa baridi, ifutwe vizuri kwa kitambaa na mafuta ya taa kidogo, kuanzia juu hadi chini, iachwe ikauke kabisa. Kisha nyunyiza poda ya mtoto, ndiyo, ile ile ya chumbani, kuzunguka ukingo wa kifuniko na ubavuni mwa injini. Endesha gari mpaka sokoni na kurudi. Zima, lipoe, fungua boneti. Mahali poda ilipolowa na kugeuka rangi, fuata mchirizi kuelekea juu. Ukiishia kwenye ukingo wa kifuniko, umempata mwizi wako.

Tusieleweke kwamba jambo lenyewe ni dogo, kwa hiyo lingoje. Ile harufu ni oili inayoangukia bomba la moshi lenye joto kali, na oili hiyo inaweza kushika moto. Tena oili ikipungua bila mtu kupima, injini inaweza kunoki, na hapo ada ya shule haitatosha hata kuanzia. Mpaka litengenezwe, chomoa kijiti cha kupimia oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, na uongeze inapobidi.

Sasa kazi yenyewe. Injini za Corolla hizo zina mashimo ya plagi katikati ya kifuniko, na kila shimo lina mpira wake wa duara. Nunua seti nzima: gasketi ya ukingo, mipira hiyo minne, na washa za mpira zinazokaa chini ya nati. Wengi hununua ile ya ukingo tu, na baada ya miezi michache gari linaanza kumisi kwa sababu plagi zinaogelea kwenye oili. Kama shimo tayari lina oili, inyonywe kwa kitambaa kabla ya kufungua plagi, isije ikaingia ndani ya silinda.

Wapo mafundi wasiopenda kusimamiwa na mwanamke. Chukua kigoda chako ukae. Utakachoangalia ni usafi. Mabaki ya gasketi ya zamani yatolewe kwa kikwaruzo cha plastiki au cha mti, si kwa bisibisi, kwani hedi ni ya aluminiamu na mkwaruzo mmoja unakuwa njia mpya ya oili. Uchafu usidondokee ndani. Sehemu mbili za mpira kukutana ziwe kavu kabisa.

Halafu silikoni. Hapa ndipo tunapogombana na mafundi wengi. Huwekwa tone dogo tu kwenye pembe ambapo kishikio cha kamshafti kinakutana na hedi, basi. Ukiona tyubu inamalizwa kuzunguka kifuniko chote, mzuie. Ile inayobanwa kuingia ndani hukatika vipande vipande, ikashuka mpaka kwenye chujio la pampu ya oili na kuliziba.

Nati zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, na kwa mkono mwepesi. Katika injini ndogo nyingi kipimo ni kati ya Nm 5 na 10, nguvu ya kifundo cha mkono tu kwa spana fupi. Kukaza kupita kiasi hupasua kifuniko au huiminya gasketi ikatoka kwenye mfereji wake.

Usiku ule tandika boksi la karatasi chini ya gari. Kama juu ni pakavu na boksi bado lina tone jipya, ndipo izungumzwe habari ya sili ya nyuma.

Liko jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Juu ya kifuniko hicho kuna valvu ndogo ya kupumulia injini, imechomekwa kwenye mpira. Ikiziba, hewa ya ndani hukosa pa kutokea na kuisukuma oili nje, hata kwenye gasketi mpya. Ichomoe uitikise karibu na sikio. Inapaswa kulia kama njuga. Isipolia, isafishwe au inunuliwe nyingine kabla gari halijatoka gereji.