JIFUNZE KAZI: Ijaribu Kamera Kabla ya Siku ya Harusi

Katika toleo hili tutajifunza kuandaa na kujaribu kamera mpya ya dijitali. Somo hili linawafaa sana wale wanaotaka kupata riziki kijijini kwa kupiga picha.

Kijana mmoja aliuza mbuzi wake wanne. Ijumaa alikwenda mjini akanunua kamera. Jumamosi alipiga picha za harusi, tangu asubuhi hadi jioni. Bibi wa bwana harusi alikuwa hajapigwa picha maisha yake yote. Aliketishwa kwenye kiti, akapigwa mara tatu.

Jumatatu kijana alikwenda kusafisha picha. Hakukuwa na picha hata moja. Kadi ya kumbukumbu haikuwemo ndani ya kamera! Kamera nyingine hukubali kubonyezwa bila kadi. Huonyesha picha kwenye kioo kwa muda mfupi, kisha picha hupotea. Onyo liliandikwa pembeni mwa kioo, lakini kijana hakulisoma. Alirudisha fedha za watu. Bibi alifariki kabla ya mvua za masika. Wajukuu wake hawana picha yake.

Haraka haraka haina baraka. Tufuate hatua hizi.

KUIANDAA KAMERA

1. Tunza risiti. Muulize mwenye duka: "Kamera ikiwa mbovu, nitairudisha kabla ya siku ngapi?" Andika siku hizo nyuma ya risiti. Fanya majaribio yote kabla hazijaisha.

2. Jaza betri moto. Tumia chaja iliyokuja na kamera hiyo. Usiondoe betri mpaka taa ya chaja ionyeshe kuwa imejaa.

3. Tia kadi. Zima kamera kwanza. Kadi nyingi zina kidude kidogo cha kufungia ubavuni. Kikisukumwa chini, kadi imefungwa, nayo haiandiki picha. Kisukume juu. Kisha agiza kamera iiandae kadi upya. Kumbuka: kazi hiyo hufuta kila kitu kilichomo. Usiifanye kwenye kadi yenye picha za watu.

4. Weka tarehe na saa. Hapa wengi hukosea. Kamera haihesabu saa kama sisi. Saa tatu asubuhi, kamera huandika 9:00. Saa tisa alasiri huandika 15:00. Angalia pia mpango wa tarehe. Kamera nyingine hutanguliza mwezi. Hapo 5/8 si tarehe 5 Agosti, bali ni tarehe 8 Mei. Ng'ombe wakila shamba lako, picha yenye tarehe ya uongo itakuletea maswali mbele ya baraza.

KUIJARIBU KAMERA

Jaribio la gazeti. Bandika gazeti hili ukutani, mahali penye mwanga. Weka kamera juu ya meza, hatua mbili kutoka ukutani, ielekee gazeti sawasawa. Bonyeza kitufe nusu, subiri alama ya kijani, kisha bonyeza mpaka mwisho. Ikuze picha kwenye kioo. Soma maneno ya katikati, kisha ya pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu na nyingine ni safi, rudia. Ikiwa hivyo mara tatu, huenda lenzi ina kasoro.

Jaribio la ukuta mweupe. Piga picha ya ukuta mweupe au karatasi nyeupe. Je, kuna doa jeusi? Piga tena mahali pengine. Doa likibaki palepale kwenye picha, lipo ndani ya kamera au kwenye lenzi. Futa lenzi polepole kwa kitambaa laini, safi na kikavu. Usitumie mate wala pindo la shati lenye vumbi. Doa lisipotoka, irudishe dukani. Usiifungue mwenyewe.

Jaribio la flashi. Usiku, mpige mtu aliye hatua mbili mbali nawe. Kisha hatua nne, kisha nane. Utaona mahali mwanga unapoishia. Flashi ndogo ya kamera haifiki mbali. Ukijua hivyo, hutasimama mlangoni kumpiga bibi harusi aliye mwisho wa ukumbi.

Jaribio la betri. Piga picha mpaka moto uishe. Hesabu picha ulizopiga. Andika hesabu hiyo kwenye daftari. Kama kijiji chako hakina umeme, hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia kama unahitaji betri ya pili.

Mwisho, peleka kadi mjini ukasafishe picha mbili au tatu. Kioo cha kamera ni kidogo, nacho huficha makosa. Karatasi haifichi.

JE, WAJUA?

Kamera ya kwanza ya dijitali ya kushikwa mkononi ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson, katika kampuni ya Kodak, Marekani. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4. Ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Picha yenyewe haikuwa na rangi.

Ndugu msomaji, anayepigwa picha hukukabidhi siku yake. Harusi haifanywi mara mbili, na mzee hakungoji ujifunze. Siku unayonunua kamera iwe siku ya kujaribu. Siku ya kazi iwe ya kazi.

MASWALI

1. Kwa nini kijana hakupata picha za harusi?
2. Saa kumi jioni, kamera itaandika saa ngapi?
3. Utajuaje kuwa doa lipo kwenye kamera, si ukutani?